Mkia Mmoja kwa Mama Wawili

Ndugu zangu, kuna aibu ambazo mtu anazikwa nazo bila mwenzake kujua, lakini hii yangu waliiona watu wengi mno, mtaa mzima wa Mulongwe, hapa Uvira, ulikuwepo, kwaya ilikuwepo, mchungaji alikuwepo, na vijana wa moto walisimamisha pikipiki zao nje ya lango ili wachungulie vizuri, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuwasikia wao, maana wao wanatia chumvi (wanasema nilianguka na sufuria ya sombe ya majani ya mihogo, si kweli, sombe ilikuwa mbali, nilianguka na kiti).

Mimi shule niliiacha mwaka wa tano wa msingi. Sikufukuzwa, nilitoka tu, kama mtu anavyotoka kanisani akidhani atarudi kabla ya sadaka. Tangu siku hiyo nimevua ndagala Makobola, nimefyatua matofali Runingu, nimebeba magunia bandarini Kalundu, nimeishi Bujumbura mwaka mzima bila kujua nilifuata nini, na kila nilipokwenda nilikwenda na ugonjwa wangu mmoja: nikiona maandishi siwezi kupita. Karatasi iliyofungia karanga naisoma. Mfuko wa saruji nausoma. Chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe niliwahi kuisoma mpaka chini kabisa, na ng'ombe sina hata picha yake.

Huko Bujumbura ndiko nilikopata kitabu cha sarufi ya Kiingereza, hakina jalada, na katikati kurasa nne zimechanwa (aliyezichana sijui alifungia nini, lakini popote alipo ajue kwamba aliniponza). Nikajifunza nacho nikiwa nimekaa juu ya magunia nangoja meli zishushe mizigo. Baadaye nikaanza kuandika herufi kwa rangi, majina ya mitumbwi kwanza, kisha maduka, kisha milango ya wasusi, na kwa kuwa kila siku nilikuwa na neno moja la Kiingereza la kumtupia mtu, watu wa Mulongwe wakanipa jina la Mwingereza. Walikuwa wananicheka, lakini mimi nililipokea kama diploma.

Sasa niwaeleze nyumba ninayokaa, maana bila hiyo mkasa hauna miguu. Ni nyumba ya Mama Byamungu. Ukisimama langoni ukaita "Mama Byamungu!", wataitika wanawake wawili, mmoja kutoka jikoni na mwingine kutoka kwenye matuta ya lengalenga, na wote watauliza "Ni nani?" kwa wakati mmoja. Si wake wenza, wala si ndugu wa tumbo moja. Mmoja anaitwa Feza, mwingine Riziki, na zamani walikuwa majirani kule Mutarule. Feza ndiye aliyemzaa Byamungu, akaugua palepale baada ya kujifungua, maziwa yakakauka. Riziki naye alikuwa amejifungua mtoto wa kiume juma hilohilo. Kisha vita vikawakimbiza wote, na njiani mtoto wa Riziki akafa. (Hili Feza aliniambia mara moja tu, tukichambua maharagwe, kwa sauti ya chini, akaniambia nisilirudie. Likumbukeni.) Riziki alimchukua Byamungu akamweka kwenye titi lake, akamnyonyesha mpaka alipoota meno, na tangu hapo wanawake hao wawili wakaishi chini ya paa moja hapa Uvira, na katika nyumba hiyo neno "mtoto wangu" halijasikika. Ni "mtoto wetu" tu.

Mimi waliniokota. Nilikuja kuandika jina kwenye ukuta wa jirani, homa ikanishika nikiwa juu ya ngazi, Riziki akanikuta nimeikumbatia ile ngazi kama mke wangu, wakaniweka kwenye chumba cha nyuma, majuma matatu wakininywesha uji kwa zamu, na nilipopona hakuna aliyeniambia niondoke. Mimi ambaye sijawahi kukaa mahali pamoja misimu miwili ya mvua, pale nimekaa. Kwa hiyo mnaelewa kwamba watu niliowaharibia siku ile si watu wa barabarani.

Byamungu mwenyewe aliondoka akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, alipanda meli ya mizigo na mjomba wake mpaka Mpulungu, Zambia, akasoma huko, akapata kazi huko, akaoa huko. Miaka kumi na moja mama zake walimsikia kwenye simu tu. Halafu siku moja akapiga akasema anakuja, na anamleta mke wake, Chanda, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, hajui Kiswahili, hajui Kifaransa.

Nyumba ikapandwa na wazimu. Kuta zikapakwa chokaa, kuku wakaanza kutazamana. Lakini niliona pia kwamba Mama Byamungu wote wawili walikuwa na hofu ambayo hawakuitaja, na aliyeitaja alikuwa Mama Jolie, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo amekuwa akiuliza swali lilelile kwa upole wenye pilipili.

"Sasa ule mukwe akifika," akasema akiwa ameegemea lango, "atapigia nani magoti? Mama mukwe anakuwaka mumoja. Kwa kweli ya kweli, mwenye mutoto ni nani?"

Jioni ileile Feza akaniita nyuma ya jiko.

"Mwingereza, weye unajua kuandika. Tuandikie kitambaa kubwa ya kumupokea, kwa luga ya ule binti. Na umutie Riziki vizuri, unasikia? Kwa makaratasi yote ya Byamungu iko jina yangu tu. Ya kubatizwa, ya masomo, yote. Riziki hana hata pahali pamoja. Hapa njo ataonekana." ("Njo" ya kwetu ni "ndiyo" ya wengine.)

Nikamwahidi. Nikamwahidi huku nimeshika kifua, kwa sababu katika maisha yangu hakuna aliyewahi kunipa kazi ya namna hiyo. Wakatoa shuka jeupe, nikanunua rangi nyekundu ya mafuta, ile isiyotoka hata ukiomba, nikatandika shuka uani na kwanza nikachora kwa mkaa. Nilikuwa na mfano wangu kwenye kitabu, ukurasa wa mwisho kabla ya zile zilizochanwa, mfano mfupi wa nyumba ya John na Mary, nikaufuata kama punda anavyofuata njia. Nikachora:

WELCOME BYAMUNGU
FEZA AND RIZIKI'S SON

Ndugu zangu, ilikuwa sawa. Nataka mlijue hilo kabla ya yote. Ilikuwa sawa kabisa, na kama ningekunja mikono yangu pale nikaenda kunywa chai, leo ningekuwa mtu mwenye heshima.

Riziki akaja na beseni la nguo kiunoni, akasimama juu ya shuka. Kusoma anasoma kidogo, lakini jicho lake ni la mtu aliyechagua mbegu maisha yake yote.

"Hii kamukia ya juu ni ya nini?"

"Ni alama ya mwenye kitu, mama. Inasema kwamba mtoto ni wako."

"Na ya Feza iko wapi?"

"Ya Feza haina."

"Juu ya nini haina?"

Hapo ndipo njia ilipogawanyika. Mtu mwenye akili angesema, "Sijui, mama, kitabu kimeandika hivi na kurasa zinazoeleza sababu zimechanwa." Maneno hayo ni machache, hayaumizi meno. Lakini mtu anayeitwa Mwingereza anasemaje "sijui"? Nikakohoa, nikasema kwamba Kiingereza ni lugha yenye mambo mengi.

"Hapana," akasema Riziki, akaweka beseni chini. "Feza njo alizala. Mimi munipe mukia, yeye mumunyime? Bantu batasema nini? Batasema Riziki aliiba mutoto mupaka kwa Kiingereza."

"Basi tubadilishe," nikasema. "Tuanze na Riziki, tumalizie na Feza. Mkia utaenda kwa Feza."

Sauti ikatoka jikoni: "Halafu Riziki akose? Sitaki! Nilikuambia nini, weye?"

"Basi tuondoe mkia kabisa."

"Halafu mutoto akuwe wa nani?" wakasema wote wawili.

Nikakaa juu ya visigino vyangu. Riziki akainama, akanishika bega, akaniambia kama anayeniondolea mzigo: "Gawa tu sawasawa, baba. Mihogo tuligawanaka, mukia njo utatushinda?"

Nani angebishana na hilo? Na kwetu ndivyo tunavyosema, si ndiyo? Kwa heshima unasema mtoto wa Feza na wa Riziki, kila mmoja unampa "wa" yake mkononi, humwachi mama wa watu amesimama mikono mitupu. Hata Kifaransa kinarudia "de" yake mara mbili. Nikaona kwamba ni Kiingereza ndicho kisicho na adabu, na mimi nitakirekebisha. Nikaongeza mkia wa Feza na S yake.

Mkosaji akianza haachi. Nikatazama nilichochora, nikaona neno la mwisho, SON, yaani mwana, limekaa peke yake kama yatima. Nikafungua kitabu, nikaruka shimo la kurasa zilizochanwa, na juu kabisa ya ukurasa uliofuata nikakuta mstari uliokatwa kichwa, unazungumzia baiskeli za Peter na za mtu ambaye jina lake lilikwenda na karanga. Mikia miwili, na kule mwisho kwenye baiskeli kuna S! Nikapiga paja. Nikasema, aha, ni upatanisho! Kama Kiswahili chetu: vitabu vyetu vile vizuri, vi, vye, vi, vi. Hawa nao ni S, S, S. Nilijiona nimeigundua siri ambayo wazungu waliificha kwenye zile kurasa nne. Nikaweka S ya tatu, nikatia rangi ya mafuta juu ya mkaa, nyekundu, nene, herufi za kimo cha mkono:

FEZA'S AND RIZIKI'S SONS

Siku mbili lile shuka lilikauka kwenye kamba, na siku mbili nilikuwa napita mbele yake polepole nikiwa nimefunga mikono mgongoni.

Siku ya siku ikafika. Meli ilikuwa imefunga gati Kalundu asubuhi, na mchana jua likiwa juu ya milima tukasikia honi za moto zikija kutoka barabara ya Fizi. Shuka lilikuwa limetundikwa juu ya mlango wa nyumba, chini yake wamesimama Feza na Riziki wamevaa kitenge kimoja, wameshonewa kwa fundi mmoja, Feza ameshika bakuli la unga wa mtama wa kumpaka mgeni na Riziki ameshika beseni la maji ya kumnawisha. Kwaya ikaanza. Byamungu mwenyewe alikwamia barabarani, vijana aliocheza nao utotoni walimbeba mabegani na wakakataa kumshusha, kwa hiyo aliyeingia uani kwanza alikuwa mke, peke yake, akiwa katikati ya mashangazi wa kanisani.

Chanda alikuwa mwanamke mnene wa wastani, miwani, viatu vya chini, na uso wa mtu aliyezoea kungoja darasa linyamaze. Akatazama mama wawili, akatabasamu. Kisha akainua macho akasoma shuka, na nikaona midomo yake ikisoma mara ya pili, na tabasamu likawa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Akasema jambo.

"Mwingereza!" watu wakapiga kelele. "Anasema nini? Mwingereza iko wapi? Mumusukume mbele!"

Nikasukumwa. Na mimi sikuhitaji kusukumwa sana, shati langu lilikuwa limepigwa pasi kwa ajili ya dakika hiyo. Chanda akarudia polepole, kwa wema, kama kwa mwanafunzi, na nikashika neno moja, nikashika la pili, nikayaunga, na furaha ya kuelewa ikanipanda kichwani kabla maana yenyewe haijafika, nikageukia umati nikatangaza kwa sauti ambayo hata mitumbwi ya ziwani iliisikia:

"Anauliza, mwana mwingine yuko wapi!"

Kwaya ikanyamaza kwa vipande, sauti ya tatu ikiwa ya mwisho.

"Mwana mwingine gani?" akauliza mchungaji.

"Anasema kitambaa kinasema wana ni wawili," nikasema, na sasa maana ilikuwa imefika, na sauti yangu ilikuwa inashuka ngazi. "Mmoja wa Feza. Na mmoja wa Riziki. Anasema Byamungu hakumwambia kwamba ana ndugu."

Mama Jolie ndiye aliyezungumza. Hakupaza sauti, hakuhitaji.

"Eee. Kumbe hata kwa Kiingereza inaonekana. Kila mutu na wake. Wa Feza anakuja pale, bamemubeba. Wa Riziki iko wapi?"

Nilimwona Riziki. Nimeona mtu akipigwa na mzigo bandarini, nimeona mtumbwi ukipinduka, lakini sijaona uso ukifungwa kama ule. Akaweka beseni chini taratibu, maji yasimwagike, akageuka, akaingia ndani. Feza akabaki na bakuli lake la unga. Akanitazama. Mpaka leo nasema afadhali angenipiga na lile bakuli.

Sasa mimi, badala ya kusimama tu na kosa langu kama mwanaume, nikafikiri kwamba tatizo ni S. Nikiiondoa S mambo yatarudi yalivyokuwa! Nikakumbuka kopo la chokaa lililobaki chini ya dirisha, nikalinyakua, nikavuta kiti cha plastiki cha mchungaji (alikuwa amesimama kidogo, sikumwomba), nikapanda, nikachovya mkono mzima kwenye chokaa, nikanyoosha. S ya mwisho ilikuwa mbali. Nikanyoosha tena. Mguu mmoja wa kiti ukasema *tak*. Nikashika cha kwanza nilichokiona, nacho kilikuwa shuka, na shuka lilikuwa limefungwa kwa kamba ya neti iliyozeeka, nikashuka nalo lote, chokaa juu, mimi katikati, kiti chini, nikabiringika mara mbili na kujifunga vizuri kama mtoto mchanga anavyofungwa, nikasimama (yaani nikalala) mbele ya viatu vya chini vya mwalimu Chanda, uso mweupe, na juu ya tumbo langu, wima kabisa, neno SONS.

Halafu kijana mmoja wa moto, kutoka juu ya pikipiki yake:

"Tumemupata! Mwana mungine ndiye huyu!"

Ndugu zangu, walicheka. Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mchungaji alijaribu kutocheka, akageuka akatazama milima, mabega yakawa yanaruka. Byamungu aliingia wakati huohuo, hatimaye wamemshusha, na picha ya kwanza ya nyumbani aliyoiona baada ya miaka kumi na moja ilikuwa mimi. Na katikati ya vicheko vyote nikasikia kimoja kinachotoka juu yangu, kutoka mlangoni, cha kukwaruza, kinachopanda na kukatika. Riziki alikuwa amerudi kuona kishindo ni cha nini. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na machozi hayakukoma hata kicheko kilipokoma.

Byamungu akaenda akapiga magoti mbele yake. Riziki akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamnusa kama wanavyonusa watoto, kisha akasema:

"Mwambie bibi yako, Chanda, swali yake ni ya kweli."

"Mama, si lazima," Feza akasema.

"Niache, Feza. Mwambie. Kulikuwa mungine. Jina yake ilikuwa Baraka. Aliishi mwezi moja na siku mbili, akabaki kwa njia, na mimi nilimuzika na mikono kwa udongo ya muntu simujui. Hakuna karatasi yake. Hakuna muntu aliisha kumuhesabu, hata mimi niliogopa kumuhesabu, nisiseme iko moja nikakosea, nisiseme biko wawili nikakosea." Akanionyesha kwa kidevu, nilikuwa bado nimefungwa. "Huyu mupumbavu njo wa kwanza kumuandika."

Hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Na weye, Mama Jolie," akasema bila hasira, "uliuliza wa Riziki iko wapi. Wa Riziki ni wawili. Moja iko kule, moja anapiga magoti hapa."

"Na wa Feza ni wawili vilevile," akasema Feza, akasogea akakaa naye kwenye kizingiti. "Tulibeba mimba yabo pamoja, majirani wa ukuta mumoja. Tusigawanye leo."

Byamungu akamtafsiria mke wake, na ilimchukua muda, alikuwa anasimama katikati ya maneno. Chanda akavua miwani akaifuta. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nitamshukuru mpaka nizikwe: akachuchumaa pembeni yangu, akanifungua kutoka kwenye shuka, polepole, akalitandaza chini kama ubao wa darasani, akaninyooshea kidole (nikadhani ananifukuza), kisha akaniita kwa kidole hichohicho nije nione.

Byamungu akawa anatafsiri. Chanda akasema: kitu kikiwa kimoja, wenyewe wakikishika pamoja, Kiingereza kinaweka mkia mmoja tu, kwa wa mwisho, na mkia huo unawafunika wote walio mbele yake. Akaunganisha mikono yake miwili, akafunga kidole kimoja kwa nje, kama kamba. Ukiweka mikia miwili, akaitenganisha mikono, umewagawa, huyu na chake, yule na chake. Yaani anayepewa mkia wake peke yake ndiye aliyetengwa.

"Kumbe ilikuwa sawa ile ya kwanza," nikasema.

"Ile ya kwanza ilikuwa sawa," Byamungu akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Hapana. Sikuwa najua." (Neno hilo hatimaye lilitoka. Lilichelewa siku tatu.)

Chanda akachovya kidole kwenye chokaa iliyomwagika, akafunika mkia wa Feza na S yake. Kisha akasogea mwisho wa mstari, kidole juu ya ile S ya tatu, ile yangu ya upatanisho, ile iliyoniangusha, akasimama, akamtazama Riziki, akauliza.

"Anauliza kama aifute," Byamungu akasema.

"Hiyo inasema nini?" akauliza Riziki.

"Inasema wana ni zaidi ya mmoja."

Riziki akamtazama Feza. Feza akaitikia kwa kichwa, kidogo tu.

"Aache iyo," akasema Riziki.

Tukalitundika tena, safari hii vijana wa moto ndio waliopanda, mimi nikakatazwa kugusa hata kamba. FEZA AND RIZIKI'S SONS, chokaa ikitiririka katikati, na Chanda akaulizwa na mumewe kama sasa inasomeka vizuri, akaitikia kwa kichwa kama anayetoa maksi. Halafu akageukia kizingiti, akapiga magoti chini, akapiga makofi polepole kama wanavyosalimu kwao, akasema neno moja la Kibemba: "Bamayo."

"Ni nini hiyo?" watu wakanong'ona, na kwa mara ya kwanza hawakuniuliza mimi.

"Ni mama," Byamungu akasema. "Kwao ile 'ba' ni ya heshima, hata kwa mama mmoja."

"Mumoja?" Riziki akasema, na kicheko kikarudi kikikwaruza. "Hapa kwetu 'ba' ni ya bengi. Ba-mama! Anatuita wote na neno moja." Akamgeukia Mama Jolie. "Unasikia? Ule binti alifika leo tu, na anajua kuhesabu kukupita."

Na Mama Jolie (nimseme kwa haki) aliokota beseni la maji pale lilipowekwa, akalipeleka mwenyewe mpaka mikononi mwa Riziki, na mgeni akanawishwa, akapakwa unga, na kwaya ikaanza upya kutoka ubeti wa kwanza. Mimi nilipewa sahani yangu ya sombe na mukeke, samaki yuleyule wa wageni, nikala nikiwa na chokaa masikioni.

Chanda na Byamungu walikaa mwezi mmoja. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mwalimu alikuwa anakaa nami uani na kile kitabu changu kisicho na jalada, na pale kwenye shimo la kurasa nne akaniandikia kwa mkono wake yale yaliyokuwamo, karatasi nne, akazishona kwa uzi wa Feza. Mtu ambaye nilimwangukia miguuni nikiwa nimevaa matandiko. Nikizifikiria karatasi hizo huwa nakosa pa kuweka macho.

Shuka liko kwenye sanduku la Riziki, limekunjwa na kafuri, chini ya nguo za kanisani. Hulitoa mara mojamoja, hasomi, anapitisha tu kidole kwenye ile herufi ya mwisho, kisha analirudisha. Mimi nikimwona natoka nje. Watu wa Mulongwe hawaniiti Mwingereza tena, wananiita Mukia, na naitika, maana hilo la pili nimelifanyia kazi.

Na nimeapa kutoandika tena nisichokijua. Juzi Mama Jolie alikuja na dada yake, wanafungua mahali pa kusuka nywele, wanataka jina la Kiingereza mlangoni, la mmoja na la mwenzake, na Mama Jolie akaniuliza kwa upole, safari hii bila pilipili, kama wataweka mkia mmoja au miwili. Zamani ningeshachovya burashi. Niliweka kopo chini, nikawatazama wote wawili machoni, nikawauliza kwanza: "Mama zangu, hiyo nyumba ya kusuka ni moja au ni mbili?"

Wakatazamana. Nikawaambia waende, wazungumze, warudi wakijua.